Kadi nne za bei nafuu mezani: ipi inastahili hela yako?

SWALI: Nina kompyuta yenye prosesa ya Core i5-10400, RAM ya GB 16 (stiki mbili za GB 8), pawa saplai ya wati 450 na skrini ya 1080p yenye hertz 75. Nacheza EA Sports FC, Valorant na GTA V, na natamani kuanza Cyberpunk 2077. Kadi za michoro zilizo ndani ya uwezo wangu ni nne: RX 6500 XT ya GB 4, mpya, GTX 1660 Super ya GB 6, mtumba, RTX 3050 ya GB 6, mpya, na RX 6600 ya GB 8, mtumba. Tukiipa bei ya RX 6500 XT alama 100, GTX 1660 Super ni 85, RTX 3050 ni 150 na RX 6600 ni 145. Muuzaji anasisitiza kwamba RTX ndiyo ya kisasa zaidi. Nitajuaje ipi ina thamani ya kweli?

JIBU: Ndugu, chukua RX 6600, kwa sharti kwamba utaipima kwa namna nitakayoeleza kabla hela haijatoka mfukoni. Ikishindwa kipimo, au bajeti ikikatika njiani, GTX 1660 Super ndiyo ya kukimbilia. RX 6500 XT usiiweke kwenye mashine hiyo hata ikishushwa bei kidogo. RTX 3050 ya GB 6 ni kadi ya heshima, ila inamfaa mtu mwenye shida ambayo wewe huna.

Muuzaji wako amepima kwa jina na mwaka. Kadi za bei nafuu hazipimwi hivyo, kwa sababu huku chini ndiko watengenezaji wanakokata vitu: wanapunguza memori, wanabana njia ya kupitishia data, wanazima sehemu za chipu, halafu jina linabaki la kuvutia. Kwenye kadi kubwa makato hayo hayasikiki sana. Kwenye kadi ndogo, kitu kimoja kilichokatwa kinatosha kuharibu gemu nzima. Swali la kujiuliza mbele ya kila kadi ni hili: kilichokatwa humu kitaniumiza mimi, kwenye mashine yangu, kwenye gemu ninazocheza?

RX 6500 XT inalionyesha jambo hili wazi kuliko zote. Ilitoka Januari 2022 ikiwa na memori ya GB 4, njia ya memori yenye upana wa biti 64, na leni nne tu za PCIe (njia inayounganisha kadi na mashine), wakati kadi nyingi za gemu hutumia leni 8 au 16. Leni moja ya PCIe 4.0 hupitisha takribani GB 2 kwa sekunde. Ya PCIe 3.0 hupitisha takribani GB 1. Core i5-10400 ni prosesa ya PCIe 3.0, na hakuna madabodi itakayobadilisha hilo. Kwa hiyo kwako kadi hii itawasiliana na mashine kwa GB 4 hivi kwa sekunde. GTX 1660 Super yenye leni 16 inapata karibu GB 16, na RX 6600 yenye leni 8 inapata karibu GB 8.

Unaweza kuuliza, kama data ya gemu inakaa ndani ya memori ya kadi, leni zinahusu nini? Hazihusu sana, mradi memori inatosha. Lakini GB 4 hazitoshi tena kwa gemu nyingi kubwa za miaka hii, hata kwenye 1080p. Zikijaa, draiva (programu inayoiendesha kadi) inahamishia ziada kwenye RAM ya kompyuta na kuivuta kupitia zile leni kila inapohitajika. Memori ya kadi hiyo inasomeka kwa GB 144 kwa sekunde. Mlango wa nyuma unapitisha GB 4. Hiyo ni tofauti ya mara 36, na utaiona pale unapogeuza kamera ghafla au kuingia mtaa mpya kwa gari la kasi: picha inaganda kidogo, inaachia, inaganda tena. Kaunta ya gemu inaweza kusoma fremu, yaani picha, 50 kwa sekunde na mchezo usichezeke. Juu ya hayo, chipu hii ilibuniwa kwa ajili ya laptopu ambazo prosesa zake tayari zina kazi za video, hivyo haina kabisa sehemu ya kurekodi video. Ukitaka kurekodi mechi zako, mzigo unarudi kwa prosesa au kwa michoro ya ndani ya i5-10400.

RX 6600 nayo imekatwa leni, zimebaki 8. Kinachoiokoa ni GB 8 za memori: kwenye 1080p inafurika mara chache, basi ile njia nyembamba haitumiki kwa vishindo. Makato ni yaleyale, maumivu ni tofauti.

Hapa inabidi nikae kidogo kwenye suala la wastani wa fremu, maana ndipo wanunuzi wengi wanapoingizwa mkenge. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu imepewa milisekunde 16.7. Sasa chukua sekunde moja ambamo fremu 55 zimetoka haraka, milisekunde 12 kila moja, na fremu 5 zimechelewa, milisekunde 68 kila moja. Jumlisha: 660 na 340, unapata sekunde kamili na fremu 60. Kaunta itaandika 60. Macho yako yatahesabu mishtuko mitano ndani ya sekunde hiyo, na kidole kwenye kipanya kitaihisi zaidi kuliko macho. Ndiyo maana namba ya kutafuta kwenye vipimo ni ile inayoandikwa "1% low", yaani kasi ya fremu za asilimia moja zilizo mbaya zaidi. Wastani wa 70 wenye 1% low ya 55 ni mchezo laini. Wastani wa 80 wenye 1% low ya 28 ni mateso, na mara nyingi ni dalili ya memori iliyojaa au prosesa iliyoelemewa. Kadi mbili zikikaribiana wastani, chagua yenye 1% low ya juu bila kusitasita.

Turudi kwenye jina. RTX 3050 ya kwanza, ya GB 8, ilitoka mapema 2022 na viini 2560 (vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya chipu), njia ya memori ya biti 128, na ulaji wa wati 130. Hiyo uliyooneshwa ya GB 6 ilikuja Februari 2024 kwa jina lilelile la 3050, lakini ina viini 2304, njia ya biti 96, na wati 70. Si kadi ileile iliyopungukiwa GB 2. Ni kadi ya chini yake kwa hatua nzima. Ujanja huu wa majina ni wa zamani. GT 1030 iliuzwa na memori ya GDDR5 yenye kasi ya GB 48 kwa sekunde, kisha ikatoka nyingine ya DDR4 yenye kasi chini ya GB 17, boksi karibu sawa. GTX 1060 ya GB 3 haikupungukiwa memori peke yake, ilikuwa na viini 1152 badala ya 1280. RTX 3060 ya GB 12 ina njia ya biti 192, ile ya GB 8 ina biti 128. Na RX 580 iliyoandikwa 2048SP kwa kweli ina viini vya RX 570.

Kwa hiyo kabla ya bei, andika vitu vinne vya kadi unayotaka: idadi ya viini, ukubwa wa memori, upana wa njia ya memori, na leni za PCIe. Kasi ya memori utaikokotoa mwenyewe: gawa upana kwa 8, zidisha kwa kasi ya chipu za memori, inayoandikwa kwa Gbps (kwa kadi mbili zifuatazo ni 14). RTX 3050 ya GB 6: 96 gawa kwa 8 ni 12, mara 14, ni GB 168 kwa sekunde. GTX 1660 Super: 192 gawa kwa 8 ni 24, mara 14, ni GB 336. Kadi ya 2019 ina kasi ya memori mara mbili ya ile ya 2024, na ndiyo sababu kwenye gemu nyingi zisizotumia miale ya mwanga (ray tracing, yaani kukokotoa njia ya mwanga) hizi mbili zinaenda bega kwa bega, mara nyingi ya zamani ikitangulia kidogo.

Tahadhari moja juu ya hesabu hii: usiitumie kuvuka koo za kadi, yaani kulinganisha chipu za familia tofauti. RX 6600 inapata GB 224 tu kwa sekunde, chini ya GTX 1660 Super, lakini ndani ya chipu ina akiba ya haraka ya MB 32 inayopunguza safari za kwenda kwenye memori, na inaipita 1660 Super kwa umbali mkubwa. RTX 4060 ina GB 272 dhidi ya GB 360 za RTX 3060 ya GB 12, na bado ni ya haraka zaidi kwa sababu hiyohiyo. Arc A750 ya Intel inafika GB 512 na haizishindi zote. Viini navyo ni hivyohivyo: cha Nvidia na cha AMD si kipimo kimoja. Namba hizi zinakuambia nani kakatwa ndani ya ukoo mmoja. Kati ya koo mbili, hakimu ni vipimo vya gemu zenyewe.

Ukubwa wa memori bila nguvu nyuma yake nao ni mtego. GT 730 ya GB 4 bado inauzwa kwa watu wanaoona "GB 4" na kudhani ni sawa na GTX 1650. Memori inaamua kama ubora wa juu wa nyuso za vitu (textures) utaingia au hautaingia. Haiongezi kasi ya chipu iliyochoka. Kwa 1080p leo mimi nagawa hivi: GB 4 ni za gemu nyepesi na za zamani, GB 6 zinaenda ukikubali kushusha ubora wa nyuso, GB 8 zinatosha kwa sehemu kubwa ya gemu ingawa nzito kabisa zinaanza kuzibana. GB 12 na kuendelea ni vizuri kuwa nazo, lakini usizinunue kwa kutoa mhanga nguvu ya chipu.

Tuwe waadilifu kwa RTX 3050. Ina DLSS, inayochora picha kwa udogo kisha kuikuza, na picha yake kwa kawaida ni safi kuliko ya FSR 2, teknolojia ya AMD ya kazi hiyohiyo, ambayo ungeitumia kwenye RX 6600. Kwenye 1080p kwa ngazi ya Quality, zote mbili zinaanza na picha ya 1280 kwa 720, na kwa udogo huo tofauti ya nyuzi za nywele, matawi na nyaya za umeme inaonekana. Lakini kukuza picha hakuzibi pengo la nguvu lililopo kati ya kadi hizi mbili. RX 6600 mara nyingi inafika pale bila kukuza chochote. Ile kazi ya DLSS ya kutengeneza fremu za katikati haipo kwenye mfululizo wa RTX 30, inaanzia 40. Miale ya mwanga inawaka kwenye 3050 ya GB 6, ila kwa kasi isiyokufaa. Sifa yake kubwa ni ulaji: wati 70, ndani ya wati 75 ambazo sloti ya PCIe inatoa yenyewe, hivyo matoleo mengi hayahitaji waya wa umeme. Mwenye kompyuta ya ofisini ambayo pawa saplai yake ni ndogo na haina waya wa kadi, huyo namwambia anunue 3050 ya GB 6 na alale usingizi. Wewe una wati 450.

Kuhusu GTX 1660 Super, dosari yake haiko kwenye kasi. Haina vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na gemu zimeanza kulazimisha vifaa hivyo: Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zote zinavitaja kwenye mahitaji ya chini. Kwa gemu nne ulizotaja hilo halikugusi. Kama unanunua kadi ya miaka minne ijayo, linakugusa. Kwa upande wa draiva bado iko salama kuliko ndugu zake wa mfululizo wa GTX 10. Hao Nvidia ilitangaza kwamba draiva zao za gemu zingekoma Oktoba 2025, wabaki na masasisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Ukioneshwa GTX 1060 au 1070 kwa bei ya kuvutia, ingiza hilo kwenye hesabu.

Sasa hesabu yenyewe. Usigawe bei kwa wastani wa fremu kama wengi wanavyofanya. Chukua gemu unazocheza, tafuta 1% low ya kila kadi kutoka kwa wapimaji wawili wasiohusiana, kisha weka sakafu na dari. Sakafu yangu kwa gemu ya mtu mmoja kama Cyberpunk ni 1% low ya 45. Chini ya hapo kadi inafutwa hata ikiwa ya bure, kwa kuwa utaanza kutafuta nyingine baada ya muda mfupi. Dari yako ni 75, maana skrini yako haionyeshi zaidi ya fremu 75 kwa sekunde. Valorant ikitoa 180 kwenye kadi moja na 260 kwenye nyingine, kwako zote andika 75. Kuna faida ndogo ya wepesi wa kipanya kwenye fremu za ziada, lakini haistahili kulipiwa nusu ya bei.

Mfano wa namba za kufanyia zoezi: kadi ya bei 100 inatoa 1% low ya 34 na kadi ya bei 145 inatoa 62. Ya kwanza ni 2.9 kwa kila fremu, ya pili ni 2.3. Ya ghali ndiyo nafuu, na tena ya kwanza ilishafutwa na sakafu. Ongeza kwenye bei ya kadi kila kitu inacholazimisha kununuliwa: pawa saplai mpya, kesi pana zaidi. Kwa mtumba ongeza hatari pia. Mimi naongeza asilimia 15 kwenye bei ya kadi isiyo na dhamana niliyoruhusiwa kuipima, na 30 kwa ile niliyokatazwa. Hiyo ni kanuni yangu tu, si sheria ya mtu, lakini inazuia macho kudanganywa. RX 6600 yako ya 145 inakuwa 167 hivi, na hata hapo inaishinda RTX 3050 ya 150, kwa kuwa pengo la nguvu kati yao ni kubwa mno kuliko pengo hilo la bei.

Unaposoma vipimo vya watu, angalia walitumia mashine gani. Wapimaji wazuri huweka prosesa ya juu kabisa ili kadi ndiyo iamue matokeo, na hilo ni sahihi kwa kazi yao, ila maana yake RX 6500 XT ilipimwa kwenye PCIe 4.0 ambayo wewe huna. Tafuta waliopima kwenye PCIe 3.0 mahususi. Angalia pia setingi: kadi ndogo ikipimwa kwenye Ultra inaonekana taka, na hakuna anayeicheza hivyo. Unachohitaji ni Medium na High. Video zinazoonyesha namba pembeni bila kadi kuonekana mezani hata mara moja, ziache. Namba za kubuni ni nyingi mno huko.

Prosesa yako ina viini 6 na inatosha kulisha RX 6600. Ukitaka kujua nani anamchelewesha mwenzake, fungua gemu, washa MSI Afterburner (programu inayoonyesha hali ya kadi), tazama matumizi ya kadi. Yakikaa 95 hadi 99, kadi ndiyo inafanya kazi yote. Yakicheza kwenye 60 na fremu haziongezeki hata ukishusha resolusheni hadi 720p, prosesa ndiyo imefika mwisho, na kadi ya ghali zaidi haitakusaidia. Valorant itakuwa hivyo kwako, na si ugonjwa. Umefanya vizuri kuwa na stiki mbili za RAM. Stiki moja ingekukata 1% low bila kosa la kadi.

Mtu atakushauri Arc B580, kwa kuwa ina GB 12 na sifa nyingi tangu Desemba 2024. Ni kadi nzuri kwenye mashine mpya. Kwenye prosesa za zamani draiva yake inaipa prosesa kazi nyingi, na mapema 2025 wapimaji walionyesha jinsi inavyoporomoka kwenye baadhi ya gemu ikiwekwa na prosesa za viini sita za vizazi vilivyopita. Inahitaji pia Resizable BAR (setingi inayoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa pamoja) iwe imewashwa, la sivyo inapoteza nguvu nyingi. Kwa i5-10400 nisingeichagua.

Pawa saplai: RX 6600 inakula wati 132 na AMD inapendekeza saplai ya wati 450, hivyo upo ndani, kama wati 450 zako ni za kweli. Soma lebo ya ubavuni, mstari wa +12V. Ukiona amperi 30 na zaidi, una wati 360 kwenye njia inayolisha kadi na prosesa, inatosha. Ukiona amperi 18, hiyo ni wati 216, na "450" ya juu ya boksi ni mapambo. Hakikisha una waya wa PCIe wa pini 6+2 unaotoka kwenye saplai yenyewe. Usitumie adapta ya kutoka waya wa SATA. Kichwa cha SATA kimekadiriwa wati 54 tu kwenye volti 12, na huyeyuka.

Sasa upimaji wa mtumba. RX 6600 na GTX 1660 Super zote zilipendwa na wachimbaji wa sarafu za kidijitali hadi Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022. Kadi iliyochimba haijafa kwa hilo. Vinavyochoka ni feni, pesti ya kupoza na pedi za juu ya memori. Muuzaji akikuonyesha kadi ikiwaka kwenye Windows tu, hajakuonyesha kitu, kwa kuwa kadi mbovu nyingi huishi vizuri kwenye skrini tulivu.

Anza kwa macho. Meno ya PCIe yawe safi bila mkwaruzo wa kukata, na kona ya bodi iliyo jirani na kindoana cha kufungia sloti isiwe na ufa. Kadi nzito zilizosafirishwa ndani ya kompyuta hupasuka hapo. Tundu la waya wa umeme lisiwe na kahawia ya kuungua. Mafuta yanayometa kuzunguka memori ni ya pedi zilizopata joto sana, si mwisho wa kadi ila ni hoja ya kushusha bei. Sukuma kila feni kwa kidole ikiwa imezimwa: izunguke bila kuyumba wala kukwaruza.

Kisha fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Kwa RX 6600 isomeke Navi 23, viini 1792, GDDR6, MB 8192, biti 128. Kwa GTX 1660 Super isomeke TU116, viini 1408, MB 6144, biti 192. Jina likianza na neno FAKE, ondoka. Programu hiyo hutambua chipu za kale zilizobadilishwa jina. Ukiona RX 6600M, hiyo ni chipu ya laptopu iliyobandikwa kwenye bodi ya mezani. Inafanya kazi, lakini ilipwe kwa bei ya chini.

Baada ya hapo ipe mzigo: Superposition ya Unigine au gemu nzito kwa dakika 20, halafu kipimo cha memori cha OCCT kwa dakika 10. Makosa ya memori yanayokubalika ni sifuri. Vidoti vya rangi, mistari, au skrini kuzima na kurudi ni mwisho wa mazungumzo. Kwenye joto, linganisha joto la kadi na lile la sehemu yenye moto zaidi, linaloandikwa "hot spot". Pengo la nyuzi 10 hadi 20 ni la kawaida. Likipita 30, pesti imekauka au kipoza hakijakaa sawa. Hilo linatibika kwa pesti mpya, ila bei ilitambue. Mwisho, chomeka skrini kwenye kila tundu, moja baada ya jingine.

Ukifika nyumbani, ondoa draiva ya zamani kwa DDU (programu ya kufuta draiva), weka kadi kwenye sloti ya juu iliyo karibu na prosesa, na chomeka waya wa skrini kwenye kadi, si kwenye madabodi. Kosa hilo la mwisho ni la kawaida mno, na anayelifanya hulaumu kadi wiki nzima kwa michoro ya ndani ya prosesa. GPU-Z isome "x8 3.0" wakati wa mzigo, ikisoma x4 au x1, zima mashine, toa kadi, futa meno yake, rudisha hadi kindoana kilie. Madabodi nyingi za prosesa hiyo zilipata Resizable BAR kwa kusasisha BIOS (programu ya kuwashia mashine): washa Above 4G Decoding, zima CSM (hali ya kuwaka kwa mtindo wa zamani), na kabla ya kuzima CSM hakikisha diski yako iko kwenye mfumo wa kugawa diski wa GPT, vinginevyo Windows haitawaka.

Kwa Cyberpunk 2077, tangu sasisho la 2.0 mahitaji ya chini ni GTX 1060 ya GB 6, inayopendekezwa kwa AMD ni RX 5700 XT, na SSD ni lazima. RX 6600 iko nyuma kidogo tu ya 5700 XT. Anza na setingi ya High, zima miale ya mwanga, shusha mawingu na ukungu wa hewani hadi Medium na uakisi wa skrini hadi Low, acha ubora wa nyuso kwenye High. Ukungu na uakisi ndivyo vinavyokula fremu nyingi kwa faida ndogo ya macho. Nyuso hazili kasi mradi memori inatosha. Kama skrini yako ina FreeSync (inayoifanya skrini ifuate kasi ya kadi), iwashe na ufunge fremu kwenye 72, chini kidogo ya hertz 75, ili mchezo usitoke nje ya eneo ambalo skrini inafuata kadi.